Tathmini ya Hesabu ya Muda wa Kichakataji Kukaa Bure katika Kerneli ya Linux

Kila anayesimamia seva husoma nambari moja mara nyingi kwa siku, nayo ni asilimia ya muda ambao kichakataji kimekaa bure. Kwa nambari hiyo huamuliwa kama mashine inaweza kuongezewa kazi, kama ni lazima kununua nyingine, na kama programu iliyosasishwa jana imeanza kula nguvu kuliko ilivyotarajiwa. Nimeitegemea nambari hiyo kwa muda mrefu, na katika tathmini hii ninampima yule anayeitoa: kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi kinachogawa kichakataji kwa programu, kupitia faili la /proc/stat, ambalo ndilo chanzo cha takwimu zinazoonekana juu kabisa ya skrini ya top na katika safu za vmstat, programu mbili za kutazama mzigo wa mashine.

Utaratibu wa asili ulikuwa rahisi. Saa ya kerneli hupiga kwa mwendo uliowekwa wakati wa kuijenga, kwa kawaida mara 100, 250 au 1000 kwa sekunde, na katika kila pigo kerneli huangalia nani yuko kwenye kichakataji, kisha humwandikia muda wote uliopita tangu pigo la kabla yake. Ni sawa na msimamizi anayechungulia karakana mara moja kwa saa, na fundi anayemkuta ameketi humwandikia saa nzima ya kuketi, hata kama aliweka nyundo chini dakika hiyo hiyo. Utaratibu huo ulipata mtihani mwaka 2007, toleo la 2.6.21 lilipoanza kusimamisha mapigo wakati kichakataji hakina kazi ili kuokoa umeme. Pigo lisipokuwepo, hakuna wa kuchungulia. Ndipo muda wa kukaa bure ukaanza kupimwa kwa njia nyingine: kichakataji kinapoingia kwenye mapumziko kerneli hunakili saa kwa nanosekunde, kinapotoka hunakili tena, na tofauti yake huongezwa kwenye jumla. Hii ndiyo sehemu bora ya kazi yote. Ni kipimo halisi kisichohitaji kubahatisha, na kwa upande wa mapumziko peke yake ninakiamini.

Tatizo ni kwamba kipimo hicho kizuri kimewekwa kwenye jedwali moja na vipimo vya aina ya zamani. Katika mipangilio ya kawaida, safu ya muda wa kukaa bure hutokana na saa ya nanosekunde, ilhali safu za kazi za watumiaji na za kerneli bado hutokana na mapigo. Chukua kerneli inayopiga mara 250 kwa sekunde, yaani pigo moja kila milisekunde 4, na programu inayoamka mara tu baada ya pigo, ikafanya kazi milisekunde 3, kisha ikalala milisekunde 1 inayobaki. Kila pigo linakuta kichakataji kimepumzika, kwa hiyo safu ya kazi haiongezeki hata kidogo. Safu ya mapumziko huongezeka kwa usahihi, robo ya sekunde kwa kila sekunde, kwa maana katika vizio 100 vya sekunde moja faili litaonyesha 25 za kukaa bure na sifuri ya kazi. Vizio 75 vimepotea bila kuandikwa popote. Kisha top huja, hujumlisha safu zote, hugawanya kwa jumla hiyo, na kutangaza kwamba kichakataji kimekaa bure kwa asilimia 100. Kipimo cha mapumziko kilikuwa sahihi kabisa, lakini kigawanyo kilikuwa pungufu, na msomaji amepata uongo uliotengenezwa kutokana na ukweli.

Mfano huo si wa kubuniwa tu kwa ajili ya kuonea mfumo. Kazi zinazoamshwa na vipima muda vinavyoiva kwenye pigo lenyewe huanza baada tu ya msimamizi kuchungulia, na zikiwa fupi huisha kabla hajarudi. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba kerneli inaujua ukweli. Kipanga zamu, sehemu ya kerneli inayoamua programu ipi ipewe kichakataji, hupima muda wa kila programu kwa nanosekunde, kwa hiyo mstari wa programu ile ile, chini kidogo kwenye skrini hiyo hiyo, utaonyesha kwamba imetumia asilimia 75. Mtu anayeona mistari miwili inayopingana hivyo asifikiri macho yake yamemdanganya. Aamini ule wa chini, au asome matumizi katika faili la cpu.stat la vikundi vya kudhibiti rasilimali (cgroups), ambalo hutumia hesabu hiyo ya kipanga zamu.

Dawa ipo ndani ya kerneli. Hesabu inayonakili saa kila programu inapoingia na kutoka kwenye kerneli iliwezeshwa kwa mashine za kawaida mwaka 2013, pamoja na uwezo wa kusimamisha mapigo hata kichakataji kikiwa kazini. Hata hivyo, kuichagua wakati wa kujenga kerneli hakutoshi, kwa sababu huanza kufanya kazi pale tu vichakataji vinapotajwa katika chaguo la nohz_full wakati wa kuwasha mashine, na ina gharama yake, kwani kila mwito wa mfumo, yaani kila mara programu inapoiomba kerneli huduma, sasa hubeba mzigo wa kusoma saa. Kwa seva inayofanya miito mingi mno sitashauri iwashwe bila kupima kwanza. Inafaa kukumbuka kwamba mfumo endeshi mwingine, Solaris 10, ulichagua hesabu ya aina hii kwa kila mtu bila kuombwa.

Safu ninayoipa alama ya chini kuliko zote ni ile ya iowait, muda ambao kichakataji kimekaa bure huku kukiwa na kazi inayosubiri diski. Kazi inayosubiri haiko kwenye kichakataji chochote. Imeandikwa tu kwa jina la kile ilichokiacha ilipolala, na inaweza kuamshwa kwenye kingine kabisa. Kwa sababu hiyo mgawanyo kati ya kukaa bure na kusubiri diski hubadilika katikati ya mapumziko, na mwongozo wenyewe wa /proc/stat unakiri kwamba thamani hiyo si ya kutegemewa na kwamba mara nyingine hupungua badala ya kuongezeka. Programu ya ufuatiliaji inayotoa thamani ya zamani kutoka kwa mpya, ikitumia namba zisizokubali alama ya kutoa, hupata tofauti kubwa kupita kiasi, na grafu huruka juu bila sababu. Anayeandika programu kama hiyo aikague tofauti kabla ya kuigawanya, na ikiwa ni hasi aihesabu kuwa sifuri.

Kwa anayefuatilia matumizi ya umeme badala ya mzigo, ninapendekeza aiache /proc/stat na kusoma saraka za cpuidle chini ya /sys, ambako kila kina cha usingizi wa kichakataji kina jumla yake kwa mikrosekunde na idadi ya mara kilivyoingiwa. Huko ndiko nilikotambua kwamba vichakataji viwili vyenye asilimia sawa ya kukaa bure vinaweza kutofautiana sana: kimoja kimelala mara chache na kwa muda mrefu, kingine kimeamshwa maelfu ya mara bila kufika kina cha mwisho.