Contributor Covenant 2.1: hati nzuri, lakini usiiache na mabano wazi

Miradi mingi ya programu huria, zile ambazo yeyote anaweza kusoma na kuboresha msimbo wake, hukumbuka kanuni za maadili watu wakishatukanana na wachangiaji wazuri wakishaondoka kimyakimya. Contributor Covenant, hati ya kanuni za maadili iliyoanzishwa na Coraline Ada Ehmke mwaka 2014, inakuokolea kazi ya kuandika kanuni upya. Unanakili maandishi, unayahifadhi kwenye faili la CODE_OF_CONDUCT.md, na siku hiyohiyo mradi una kanuni.

Au unaonekana kuwa nazo. Kwenye sehemu ya utekelezaji kuna mabano ya mraba yanayosubiri ujaze njia ya kupeleka malalamiko. Wengi hunakili wakaenda zao, mabano yakabaki vilevile, na anayenyanyaswa akakosa pa kusemea. Weka barua pepe ya mradi, si ya mtu binafsi, na isomwe na watu wasiopungua wawili. Ikisomwa na mwanzilishi peke yake, siku akilalamikiwa yeye itakuwa kesi ya ngedere kumpelekea nyani.

Sehemu bora kuliko zote ni ngazi nne za hatua, zilizoingia na toleo la 2.0. Lugha isiyofaa hujibiwa kwanza kwa ujumbe wa faragha wa maandishi unaoeleza kosa ni lipi na kwa nini ni kosa. Linalofuata ni onyo: mhusika anatakiwa asiwasiliane na waliohusika kwa muda uliotajwa, wala asiwafuatefuate wasimamizi. Kisha kufungiwa kwa muda, na mwisho kufungiwa kabisa. Ngazi ya kwanza ndiyo inayookoa watu wengi, na ndiyo inayorukwa zaidi. Wasimamizi hunyamaza miezi, hasira zinajaa, halafu mtu anafungiwa ghafla na jamii nzima inaona ameonewa.

Toleo la 1.4 halina ngazi hizo. Mradi wa kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kuendesha kompyuta, ulilipokea toleo hilo Septemba 2018, kisha ukalazimika kuongeza waraka wake wa kufafanua jinsi linavyotumika. Kwa mradi mpya hakuna sababu ya kuanza na 1.4.

Upungufu mkubwa wa Contributor Covenant ni kwamba inakataza matusi bila kufundisha namna ya kumkatalia mtu kazi yake, na kwenye programu huria hapo ndipo maumivu mengi yanapotokea. Sentensi kama “Hujui unachofanya, soma kwanza” inaweza kupita bila kuadhibiwa, lakini aliyeandikiwa harudi tena. Ongeza ukurasa mmoja wa mwongozo kwenye CONTRIBUTING.md, faili la maelekezo kwa wachangiaji, wenye mfano kama huu: “Kitanzi hiki kinapakia faili zima kwenye kumbukumbu, kwa hiyo faili likiwa kubwa programu itaanguka. Jaribu kusoma mstari kwa mstari. Majaribio uliyoandika ni mazuri, yaache yalivyo.” Kasoro imetajwa, sababu imetolewa, njia ya kurekebisha ipo, na aliyefanya kazi hajaguswa utu wake.

Ukibadilisha maneno ya hati, leseni yake ya CC BY 4.0 inakuruhusu, mradi utaje ilikotoka na useme umeibadilisha. Kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhia miradi ya programu, iweke kwenye folda kuu, docs au .github, maana ikifichwa kwingine mfumo hautaitambua wala kumwonyesha mchangiaji mgeni.