Kilimanjaro Marathon: raha ya kumaliza na wiki inayofuata

Kwa mtu aliyezitamani kilomita 42.2 miaka na miaka, Moshi ni mahali pazuri mno pa kuzimalizia. Mbio hizi zilianza 2003. Hukimbiwa karibu na mwisho wa Februari, na kianzio na kimalizio ni uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Utamu wake umo kwenye njia. Nusu ya kwanza hufuata barabara kuu ya Dar es Salaam na kurudi mjini, tambarare kiasi. Kisha unapanda kuelekea kijiji cha Mweka, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, takriban kilomita 10 kati ya migomba na kahawa. Ukishageuza, kilichobaki ni mteremko. Ndiyo maana hata waliochoka huingia uwanjani wakikimbia, mbele ya umati, na wengi hulia. Hapo tunazipa alama zote.

Ila mteremko huo ndio unaoumiza. Ukishuka, misuli ya mbele ya mapaja hufanya kazi ya breki: inarefuka huku imejikaza, na nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo. Jumapili jioni mtu anacheza muziki, Jumanne ngazi zinamshinda. Maumivu hufika kileleni kati ya saa 24 na 72. Omba chumba cha chini gesti, na kama ngazi hazikwepeki, zishuke kinyumenyume huku umeshika ukuta.

Makosa mengi hutokea katika saa ya kwanza, furaha ikiwa imepanda kichwani. Ukivuka mstari usisimame wala kujitupa kwenye nyasi. Mishipa ya miguu imetanuka, na ukisimama ghafla damu inabaki chini na kizunguzungu kinakuja. Tembea dakika 10 ukiwa na medali yako shingoni. Kunywa kwa kadiri ya kiu. Anayejaza tumbo maji matupu lita baada ya lita hupunguza chumvi ya damu, na dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa. Vidonge vya ibuprofeni viache siku hiyo, maana figo zimeshabanwa na joto na upungufu wa maji. Mkojo ukiwa wa rangi ya kola, usisubiri kesho: hospitali ya rufaa ya KCMC iko hapo hapo Moshi.

Chakula ndiyo zawadi kubwa ya mji huu. Mwili unataka takriban gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya uzito katika saa ya kwanza, na protini gramu 20 hivi. Bakuli kubwa la mtori wenye nyama ya kutosha, ndizi mbivu mbili na chai ya sukari vinakaribia kabisa hapo, tena mtori una chumvi na maji unayoyadai. Bia ije baada ya chakula, si kabla.

Kosa jingine ni basi la siku hiyo hiyo. Dar ni zaidi ya kilomita 500, na kukaa muda wote huo baada ya marathoni huvimbisha miguu na kuongeza hatari ya damu kuganda. Lala Moshi. Ikishindikana, chukua kiti cha njiani na ushuke kutembea kila basi linaposimama.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: kuanzia katikati ya wiki huingia upweke fulani. Kwa miezi minne au mitano ratiba ya mazoezi ilikuwa inakuamsha alfajiri, na sasa haipo. Si kwamba lengo lilikuwa dogo, wala huna kasoro. Andika muda wa kila kilomita 5 na ulivyojisikia Mweka kabla kumbukumbu haijafifia, wasimulie wenzako bila aibu, na usilipie mbio nyingine kwa wiki mbili, kwani uamuzi wa wiki hiyo huwa ni wa kuziba pengo.

Siku saba za kwanza ni kutembea tu. Ya nane, jaribu dakika 20 za taratibu kwenye tambarare, ukisikia paja linachoma acha. Kasi isubiri wiki ya nne.

Anayewinda saa 4, yaani wastani wa dakika 5 na sekunde 41 kwa kilomita, atafute njia tambarare na hewa ya baridi. Mweka na jua la Februari vitamla dakika nyingi.