Wikiendi ya familia Yas Island: SeaWorld siku nzima, Ferrari World nusu siku

Kila skuli zikikaribia kufungwa, jamaa zetu wa hapa Maskat huniuliza kama Yas Island, kisiwa cha viwanja vya burudani huko Abu Dhabi, inafaa kwenda na familia nzima, bibi na watoto wadogo wakiwamo, kwa siku mbili tu za mapumziko. Inafaa sana, kwa sharti kwamba mchague kiwanja kimoja mkipe siku yake. Sisi tuliipa SeaWorld, kiwanja cha viumbe wa baharini, Ijumaa yote, na Jumamosi asubuhi tukagawana: vijana wakaingia Ferrari World, kiwanja cha michezo ya kasi, na waliobaki wakaenda Yas Mall, ambayo imeungana nayo kabisa. Nisingebadilisha kitu katika mpango huo.

Msafara wetu ulikuwa na kila rika. Alikuwamo mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua na hawezi kutembea mbali. Mimi na mume wangu. Wifi yangu na kijana wake wa miaka 16. Na watoto wetu watatu, ambao wa mwisho bado anabebwa akichoka. Msafara wa namna hiyo haupangwi kwa kuangalia mchezo gani unatisha zaidi. Unapangwa kwa kuangalia mama atakaa wapi, mtoto atalala wapi, na vijana watapata nini cha kuwasahaulisha simu zao.

Nianze na siku, kwa sababu hapa ndipo sisi wa Oman tuna bahati. Huku tunapumzika Ijumaa na Jumamosi. Imarati walibadilisha tangu Januari 2022. Sasa wanapumzika Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ofisi za serikali na skuli zinafanya kazi nusu siku. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi sisi tuko huru na wenyeji wengi wako kazini. Ukifika milango inapofunguliwa, unapata saa kadhaa za utulivu. Kuanzia alasiri utaona familia zinavyomiminika, na wewe wakati huo umeshamaliza yale makubwa.

Tulitoka Maskat Alhamisi baada ya kazi. Njia yetu ni ile ya Sohar, Wadi Jizzi mpaka Buraimi, halafu unavuka kuingia Al Ain na kunyoosha Abu Dhabi. Ni zaidi ya kilomita 400, kwa hiyo tulifungasha katlesi, mkate wa kumimina na chupa mbili za chai ya tangawizi. Kabla ya kuondoka, hakikisha bima ya gari inafika Imarati na karatasi yake unayo mkononi, maana mpakani ndicho kitu cha kwanza kuulizwa.

Jina la hoteli silitaji. Tuliomba vyumba vya karibu karibu, tukapewa ghorofa mbili tofauti, na mama mkwe akawekwa mwisho wa ukumbi mrefu, mbali na lifti. Ilibidi mume wangu ateremke mapokezi zaidi ya mara moja mpaka tukabadilishiwa. Ukiwa na mzee, omba chumba kilicho karibu na lifti kwa maandishi siku za kabla, na ubaki na jibu lao. Faida kubwa ya kulala kisiwani penyewe ni mabasi ya Yas Express, yanayozunguka baina ya hoteli na viwanja bila malipo. Gari lilipumzika, na baba watoto naye akapumzika.

Sasa SeaWorld yenyewe. Ilifunguliwa Mei 2023, na karibu yote iko ndani ya jengo moja kubwa lenye ghorofa tano, kiyoyozi kila pembe. Anayeishi Ghuba anajua thamani ya jambo hilo. Mwezi wa saba huwezi kumsimamisha mzee wala mtoto mchanga uwanjani saa sita mchana. Kinyume chake, chukua shali au sweta, kwani sehemu za wanyama wa nchi za barafu zina baridi ya kweli, na mama mkwe aliishukuru shali yake kuliko kitu chochote tulichobeba. Sakafu ni tambarare, lifti zipo, na viti vya magurudumu vinapatikana. Hakupanda ngazi hata moja siku nzima.

Kiwanja kimegawanywa kwa bahari: kuna ya Abu Dhabi, kuna ya joto, kuna ya ncha za dunia. Wale nyangumi weusi na weupe waliolipatia jina la SeaWorld umaarufu kule Marekani hapa hawapo. Hiki ni kiwanja cha kwanza cha jina hilo kujengwa bila wao. Watoto walipenda pengwini na sili-simba. Mimi nilikwama kwenye Endless Ocean, nikakataa kuondoka.

Hilo ndilo hodhi kubwa kuliko yote pale, lita milioni 25 za maji, na unalitazama kutoka ghorofa mbalimbali. Tulimsogeza mama mkwe mpaka magurudumu ya kiti yakagusa ukingo wa kioo. Samaki taa mmoja mpana kuliko mkeka wa watu wawili akaja moja kwa moja upande wetu, akajiinua na kupita huku tumbo lake jeupe likitutazama. Tuliuona mdomo wake uliopo chini, matundu ya matamvua matano kila upande yakifunguka na kujifunga, na mkia mwembamba ukifuata nyuma.

Mama mkwe akanyoosha kidole. “Huyo ndiye aliyetulisha,” akawaambia wajukuu.

Baba yake alikuwa mvuvi wa jarife, zile nyavu kubwa za papa na taa, kaskazini ya Unguja. Taa na papa yeye aliwajua wakiwa wamelazwa mchangani wakisubiri mnada, au wakiwa ng'onda, wamekauka na kunuka chumvi. Hakuwahi kuwaona wakitembea ndani ya maji yao. Akawaonesha watoto pale mwiba unapokaa, kwenye shina la mkia, na akawaeleza namna wavuvi wanavyouondoa kabla ya kumpakia taa chomboni. Familia nyingine zilisimama kusikiliza ingawa hazikuelewa lugha. Mwanangu wa kati, ambaye kwa kawaida humwambia bibi yake ‘nakuja’ kisha haji, alikaa sakafuni miguuni pake muda wote. Kwa ajili ya hilo peke yake ningelipa tiketi tena.

Nina neno juu ya pomboo, maana najua wazazi wengi watajiuliza. Pomboo wapo, na maonesho yao yapo. Binti yangu aliwahi kuwaona Kizimkazi, Unguja, tulipokwenda nyumbani, na yeye anakumbuka zaidi zile boti zilizowazunguka na watalii waliokuwa wakijirusha majini juu yao. Hapa hakuna boti inayowakimbiza, na ni wazi wanatunzwa. Hata hivyo ni wanyama wanaozoea kusafiri mbali, na mimi sikustarehe kuwatazama kama nilivyostarehe na samaki. Tulitoka mapema, binti akauliza wanalala wapi usiku, tukazungumza. Kwa upande mwingine, mahali hapo pana kituo cha utafiti na uokoaji cha viumbe wa baharini, na kazi ya kutibu kasa waliojeruhiwa na kuwarudisha baharini naiunga mkono kwa moyo wote.

Sehemu ya Abu Dhabi Ocean usiipite mbio, ingawa haina mchezo wa kupigisha kelele. Inasimulia maisha ya pwani ya huku zama za lulu. Mpiga mbizi alibana pua kwa kibano, akafunga jiwe mguuni limzamishe, na uhai wake ukawa mikononi mwa mwenziwe aliyeshika kamba juu ya jahazi. Waliifanya kazi hiyo miezi ya joto, siku baada ya siku, mpaka biashara ilipoanguka miaka ya 1930, lulu za kufugwa za Kijapani zilipojaa sokoni huku uchumi wa dunia nao umeporomoka. Miongoni mwa wapiga mbizi hao walikuwamo watu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, wengi wao wakiwa watumwa. Jambo hilo nililieleza mimi mwenyewe pale pale, kwa sababu watoto wetu wana damu ya pande zote mbili za bahari hii, na nataka walisikie kutoka kwa mama yao kabla hawajalisoma kwa watu wengine.

Chakula cha ndani ni halali, bei ni za viwanjani, na vyakula vya nje haviruhusiwi isipokuwa vya watoto wachanga. Kuleni vizuri asubuhi. Vyumba vya sala vipo.

Jumamosi ikawa zamu ya vijana. Ferrari World ipo tangu 2010, na lile paa jekundu lenye nembo ya farasi unaliona tangu barabarani. Watu wote wanakwenda kwa ajili ya Formula Rossa, ile treni ya kasi inayotoka nje ya jengo na kurudi. Inafika kilomita 240 kwa saa, na kufika hapo inatumia kiasi cha sekunde tano, halafu inakupandisha mita 52 juu. Abiria wote huvishwa miwani ya kukinga macho, kwa sababu mchanga na wadudu kwa mwendo huo ni hatari. Kijana wa wifi alirudi mikono ya baridi, hasemi, kisha bila kutuaga akarudi kwenye foleni.

Wazazi, pimeni watoto nyumbani, ukutani, bila viatu. Formula Rossa haimchukui mtu aliye chini ya sentimita 140, na wasimamizi hawana mjadala juu ya ile fimbo ya kipimo, wala hawapaswi kuwa nao. Sisi tulimpima mkubwa wetu Maskat, tukajua hafiki, tukamwambia ukweli mapema. Akasononeka nyumbani, akamaliza huko huko. Tuliona mtoto mwingine akilia pale mlangoni mbele ya ndugu zake wakubwa, na baba yake akibishana. Asubuhi yao ilikuwa imeshaharibika. Mkubwa wetu alikwenda kwenye udereva wa watoto, akaendesha Ferrari ndogo chini ya uangalizi wa mwalimu, na mpaka leo anasahihisha namna baba yake anavyokata kona.

Kwa nini basi sikupeleka msafara wote humo? Kwa sababu uzito wa Ferrari World, ingawa ina sehemu ya familia na vitu vya wadogo, upo kwenye kasi. Mama mkwe angekaa saa nne akitazama wengine wakipiga mayowe. Yeye, mimi na mdogo tulipita mlango wa Yas Mall tukanywa chai, tukanunua viatu vya skuli, mtoto akalala. Alipoona video ya mjukuu wake kwenye ile treni, mama mkwe alitaja pembea za Kariakoo, Unguja, na foleni za sikukuu watoto wakiwa na nguo mpya na mkono wa Idi wote umeshikwa ngumi. Alisema kelele ni zile zile.

Viwanja vingine viwili vya kisiwani nitavigusa tu. Warner Bros. World, iliyofunguliwa 2018, nayo iko ndani yote, na kwa watoto wa baina ya miaka minne na kumi wanaopenda katuni ningeichagua kabla ya Ferrari World. Yas Waterworld, ya 2013, ni nzuri sana kwa michezo ya maji, na mavazi ya staha ya kuogelea yanakubalika, lakini ina jua, ina ngazi, na mzee hana la kufanya pale. Ipeni safari yake ya peke yake, miezi ya baridi.

Mtashawishiwa na tiketi za viwanja viwili kwa siku moja, maana bei yake inaonekana nafuu. Kwa vijana watupu, sawa. Kwa familia yenye bibi na mtoto mdogo, ni kujitafutia uchovu: saa ya kwanza ya kiwanja cha pili inaishia kumtafutia mtoto mahali pa kulala, na ile Endless Ocean ambayo ingestahili nusu saa ya kukaa kimya mtaipa dakika tano. Nunueni tiketi mtandaoni kabla, kiwanja kimoja kwa siku.

Kurudi, tuliondoka Abu Dhabi bila kungoja jioni. Jumamosi jioni magari ya Oman hujaa mpakani kwa sababu Jumapili kila mtu ana kazi, na kupanga foleni usiku na watoto waliochoka si jambo la kujitakia. Na kama mna mgeni kutoka Unguja au Dar mnayetaka kumchukua, ombeni visa yake ya Imarati wiki kadhaa mbele, na muangalie visa aliyoingilia Oman inaruhusu kuingia mara ngapi. Kama ni ya mara moja, akishavuka Buraimi imekwisha, na itabidi aombe nyingine ndipo arudi nanyi Maskat.