Kuendesha pikipiki mwenyewe au kupakiwa: Moshi hadi Marangu

Barabara ni ileile: Moshi, Himo, kisha unakata kushoto na kuanza kupanda. Lakini mwenye hendo, yaani usukani, na aliyepakiwa hawasafiri safari moja.

Ukipakiwa, macho yako huru. Asubuhi ya anga safi unakiona kilele cha Kibo cha Mlima Kilimanjaro, unaona migomba na akina mama na mikungu yao ya ndizi. Ila shimo hulijui mpaka likupige kiunoni. Na kwenye kona usijikaze, nakuomba: mfuate dereva anavyolala, la sivyo unampa kazi ya kupigana na uzito wako.

Ukiendesha, Kibo hukioni. Unaona lami, mchanga uliomwagika pembeni, Noah inayosimama ghafla mbele yako kushusha abiria. Badala yake unapata kitu ambacho abiria hakipati. Himo ni joto, shati limeganda mgongoni. Unapanda kidogo, ubaridi unaingia kwenye mikono ya shati, pamoja na harufu ya udongo wenye unyevu. Mlima unakaza, pikipiki ya cc 125 inaanza kuishiwa pumzi. Unabana klachi, unashusha gia, mlio unabadilika, na nguvu inayorudi unaisikia viganjani na magotini kabla ya masikioni.

Mimi ni wa kuendesha, bila kusita. Isipokuwa kushuka Marangu mvua ikinyesha: hapo namwachia hendo mwenyeji wa zile kona, nafunga kofia ngumu vizuri, nakaa nyuma.