Maabara iliyopima sukari yangu baada ya kumaliza chai

Ningependa sana kuwasifu, kwa maana jengo lao ni safi, foleni ni fupi na bei si ya kuumiza. Lakini hasira niliyotoka nayo pale inanizuia, na chanzo chake ni jambo moja ambalo wao waliliona dogo.

Nilielekezwa na kliniki ya wajawazito kufanya kipimo cha kunywa glukosi, kile ambacho mtu hulala bila kula, hutolewa damu asubuhi, kisha hunywa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa katika maji na kutolewa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Homoni za kondo la nyuma huidhoofisha kazi ya insulini, homoni inayoshusha sukari, hivyo kinachotafutwa ni kama mwili bado unaweza kuiondoa sukari kwenye damu kwa muda uliowekwa. Ukiuchezea muda huo, hakuna kipimo kilichobaki.

Nilimaliza kunywa saa mbili kamili, nikikaza koo kwa utamu wa kuchefua. Dada aliyenitoa damu ya kwanza na ile ya saa tatu alikuwa na mkono mwepesi na maneno mazuri, na kama ningempima yeye peke yake ningempa nyota zote. Saa nne ilipofika zamu yake ilikuwa imekwisha, na kijana aliyempokea alikuwa chumba cha ndani, mlango wazi, chapati mkononi na kikombe mbele yake. Nikamwita kwa adabu. Akajibu bila kugeuka: "Subiri kidogo, mama, hiyo sukari haikimbii."

Kumbe inakimbia, na ndiyo maana nilikuwa nimekaa pale tangu alfajiri! Sindano iliingia mkononi mwangu saa nne na dakika arobaini zikiwa zimeshapita, na bado, mbele ya macho yangu, akaandika kwenye lebo kwamba ni saa nne kamili. Walau damu aliitia katika kichupa chenye floraidi, inayozuia chembe za damu kuendelea kuila sukari kichupani, hilo sitawanyima.

Majibu ya damu hiyo yalikuwa milimoli 8.2 kwa lita, na kwa mjamzito kisukari cha mimba huhesabiwa kuanzia 8.5 kwenye saa ya pili. Kwa kawaida saa hiyo sukari inashuka, kwa hiyo 8.2 iliyochelewa hivyo haimwambii daktari lolote la kumtuliza, ilhali karatasi inamwambia kwamba niko salama. Nilipoomba saa ya kweli iandikwe, kijana aliniuliza kama mimi ni daktari. Si daktari, ni mwenye damu.

Hapo dada wa mapokezi, nadhani kwa nia ya kunipoza, akatoa chini ya kaunta kopo la unga wa mlonge, uwatu na mdalasini, akaniambia kwamba nikiunywa kabla ya kurudia kipimo majibu yatatoka mazuri. Sina ugomvi na mlonge, mboga yake tunaila nyumbani. Ila tafiti za mdalasini zinapingana, nyingine zikiona sukari imeshuka kidogo na nyingine zisione kitu. Uwatu kwa kiwango cha dawa wajawazito hushauriwa kuuepuka. Na kopo lenyewe halikusema kila kimoja kimo kwa kiasi gani. Mwaka 2008 huko Singapore, bidhaa za nguvu za kiume zilikutwa na glibenklamidi, dawa halisi ya kushusha sukari, na watu wasio na kisukari wakafikishwa hospitalini. Maabara inapaswa kumuuliza mtu anatumia nini kabla ya kumpima, kwa sababu niasini, yaani vitamini B3, kwa kiwango kikubwa hupandisha sukari na vitamini C nyingi huweza kuvuruga usomaji wa baadhi ya glukomita, vile vifaa vidogo vya kupimia sukari. Mimi sikuulizwa chochote, nikauziwa kopo.

Daktari alinirudishia kipimo kwingine, ambako muuguzi alitega saa ya kengele pembeni yangu, na damu ya saa ya pili ikatoka 9.1. Kwa haki, kipimo hiki huweza kutoa majibu tofauti kwa mtu yule yule siku mbili tofauti, hivyo siwezi kuapa kwamba chai ya yule kijana ndiyo iliyonificha.

Nilikuwa nimewapa nyota mbili, moja ya usafi na moja ya yule dada wa asubuhi. Kisha nikapiga simu kuomba saa irekebishwe kwenye kumbukumbu zao, nikajibiwa kwamba lebo ikishaandikwa haibadilishwi, na kama ninataka kopo kuna punguzo. Nimefuta moja, na hiyo iliyobaki ni ya dada.