Tahadhari: boti za alumini "zilizokarabatiwa" zinazouzwa na mwenzetu hapa Minnesota

Wana-Minnesota, na nyinyi wa Wisconsin mnaovuka mto kuja kununua vitu huku, someni hii kabla hamjatuma hela.

Kuna mtu anauza boti ndogo za alumini za kuvulia, futi 12 hadi 16, zenye zulia jipya ndani, rangi nzito yenye chenga chini ya zulia, treila na injini ya kupachika. Anazitangaza kwenye magrupu yetu ya Kiswahili kila theluji inapoanza kuyeyuka, na maneno yake ni yale yale: "imekarabatiwa yote, tia majini tu." Ana Kiswahili kitamu, anaitikia shikamoo, anakuuliza kwenu wapi na unamfahamu nani. Jina lake siandiki, na namba ya simu anabadili kila mara. Nataka mzijue boti zake, maana hizo hazibadiliki.

Mimi nimezaliwa Pangani. Babu yangu alikuwa fundi wa kukalafati majahazi, yaani kuziba mianya ya mbao zake, na utoto wangu wote nimeuona chombo kikipinduliwa ufukweni, kikigongwa, kikitiwa pamba na sifa, yale mafuta ya papa. Kwa hiyo naandika kwa uchungu kidogo: nimepigwa huku najiona najua.

Nilimpata Aprili. Boti futi 14, aliyosema ni ya 1978, na treila yake, na injini ya farasi 15, vyote dola 2,400. Kwa msimu ule ambao kila mtu ana kiu ya kuvua, bei hiyo haikunitia shaka, na ujanja wake upo hapo hapo. Angetaja dola 800 ningeshtuka. Akaomba 300 za kuishikilia kwa sababu eti kuna Mmarekani anakuja jioni na taslimu. Nikamtumia kwa programu ya simu, zile ambazo hela ikishatoka imetoka.

Makabidhiano yakawa saa tatu usiku, kwenye maegesho ya kituo cha mafuta. Nikamwambia, "Mzee wangu, mbona usiku?" Akanijibu, "Kijana wangu, mimi natoka zamu saa mbili. Kwani wewe hufanyi kazi?" Nikaona aibu, nani kati yetu hajui habari za zamu. Nikamulika kwa tochi ya simu: zulia kavu, rangi inang'aa, injini ikawaka mvuto wa pili. Nikaweka sahihi karatasi iliyoandikwa kwamba kitu kimeuzwa kama kilivyo. Hiyo karatasi nitairudia.

Tukaitia majini Jumamosi ya ufunguzi wa msimu wa kuvua walleye, samaki anayependwa sana huku, katikati ya Mei, siku ambayo nusu ya jimbo iko ziwani. Mimi na mpwa wangu wa miaka 13. Dakika kama ishirini hivi, zulia likaanza kulia chwap chwap chini ya viatu. Nikadhani ni maji ya mvua yaliyobaki. Mpwa wangu akasema, "Anko, mbona soksi zangu zimelowa mpaka juu?" Nikainua kifuniko cha nyuma: maji yamejaa ngama yote, pale chini kabisa ndani ya chombo, na yanapanda. Wazee walisema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Sisi tulianzia ngamani moja kwa moja. Yeye akakumba maji kwa kopo la kahawa, mimi nikaelekeza chombo nchi kavu kwa mwendo wa pole, kwa sababu kila nilipoongeza moto ukuta wa tezi, yaani wa nyuma ya chombo, ulikuwa unayumba pamoja na injini. Tulikuwa tumevaa majaketi ya kuokolea, alhamdulillah. Lakini anayeyajua maziwa ya huku mwezi wa tano anajua kwamba barafu ndiyo kwanza imeondoka, na maji yale yanakukata pumzi kabla hujapiga mikono mitatu.

Nyumbani nikaipandisha boti kwenye vigoda ndani ya gereji, nikaanza kuivua nguo.

Zulia lilitoka kirahisi. Chini yake sakafu ya plaiwudi mpya kabisa, yenye ukijani ukijani. Kama hamuujui ukijani huo, ni mbao iliyotiwa dawa ya kuzuia kuoza, ile ya kujengea vibaraza vya nje. Dawa hiyo ina shaba. Shaba ikikutana na alumini penye unyevu, vinakuwa kama betri, na anayeliwa kwenye betri hiyo ni alumini. Zamani mbao hizo zilikuwa na dawa ya arseniki; ilipoondolewa kwenye matumizi ya majumbani Marekani mwishoni mwa 2003, nyingi zilizoshika nafasi yake zikaja na shaba zaidi. Nilipoinua ubao wa kwanza nilikuta unga mweupe umelala juu ya bati kama chumvi ya mawe iliyosagwa. Nikaufuta kwa kitambaa, na chini ya unga bati limechimbika vishimo vishimo. Kimoja nilikibonyeza kwa ncha ya bisibisi, mkono haukusikia ukinzani wowote. Nikaiona sakafu ya gereji.

Yaani boti haikuoza kwa uzee. Alumini ya boti hizi ikiachwa peke yake inaweza kukaa miaka hamsini. Iliozeshwa na "ukarabati."

Halafu ile rangi nzito. Ni rangi inayopakwa kwenye bodi ya pikapu ili mizigo isikwaruze. Kwa pikapu ni kitu kizuri sana. Ndani ya boti kuukuu huwa ni blanketi la kufunikia maradhi, na imepakwa juu ya bati ambalo halikupigwa msasa wala kutiwa rangi ya msingi ya kushikia alumini, kwa hiyo ilibanduka kama ganda la muhogo uliochemshwa. Chini yake nikakuta silikoni ya bafuni. Chini ya silikoni, gundi ya epoksi. Na karibu na mkuku, ule uti wa chini ya chombo, upande wa kulia, nikakuta kiraka kilichokatwa kwenye kopo la bia. Kopo la bia, jamani! Maandishi bado yanasomeka. Babu angekalia kigoda acheke mpaka machozi, kisha aniulize nilikuwa nimekodolea nini siku nanunua.

Ribiti nazo. Boti hizi zimeshonwa kwa ribiti ngumu za alumini, mamia kwa mamia, zilizogongwa kiwandani pande zote mbili. Zikilegea zinavujisha, na dawa yake inajulikana: mmoja anashikilia chuma kizito upande mmoja, mwingine anagonga upande wa pili mpaka ikaze, au unaitoboa unaweka nyingine ngumu ya saizi ya juu. Kazi ya watu wawili na subira. Huyu bwana alizing'oa kama arobaini hivi akaweka zile za kuvuta kwa koleo, za dukani, zenye tundu katikati na kipande cha chuma ndani. Tundu linapitisha maji, na chuma kinashika kutu. Ndiyo maana utaona michirizi ya kahawia inashuka ubavuni. Alumini haina kutu ya kahawia. Ukiona rangi hiyo kwenye boti ya alumini, kuna kitu kigeni kimeingizwa humo.

Ukuta wa tezi, pale injini inapobana, una ubao katikati. Wake ulikuwa umegeuka uji. Alichofanya ni kubandika plaiwudi nyembamba mbele na nyuma, kupaka rangi, basi. Injini ya farasi 15 ni kilo thelathini na kitu au zaidi, na unapoikoleza inasukuma kwa nguvu zake zote pale pale. Siku ukuta huo ukikatika, injini inakwenda chini na tundu linabaki nyuma yako.

Na mabenchi. Kiwandani boti ndogo kama hizi huwekwa povu gumu chini ya viti ili hata zikijaa maji zisizame. Benchi la kati povu lake lilikuwa limekunywa maji ya miaka mingi. Kipande nilichoweza kukibeba kwa kwapa nilikiweka kwenye mizani ya bafuni, kikaja kilo 11. Kikikauka hakifiki hata kilo moja. Benchi la mbele halikuwa na povu kabisa. Limejazwa mifuko ya plastiki ya dukani.

Sasa makaratasi, maana huko nako kuna mtego. Boti zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani baada ya Novemba 1972 zinatakiwa kuwa na namba ya bodi, herufi na tarakimu 12, juu kulia kwenye tezi upande wa nje. Yangu, kama kweli ni ya 1978, ilitakiwa iwe nayo. Mahali pake pamepigwa msasa na kupakwa rangi. Nilipoisoma kadi ya usajili aliyonipa, nikiwa nimetulia, imeandikwa futi 12. Nikavuta kipimo: futi 14 na inchi mbili. Namba zilizobandikwa omoni, kule mbele, ni za chombo kingine kabisa. Ofisi ya usajili wakagoma kuihamishia kwangu, na wana haki. Kwa hiyo nina boti ambayo hata nikiitengeneza ikawa kama mpya, siwezi kuiweka ziwani kihalali mpaka nithibitishe imetoka wapi. Inawezekana ni ya wizi, sijui, na polisi nimeshawapa taarifa.

Nilimpigia. Mara ya kwanza alipokea, akaniambia, "Kijana wangu, chombo cha kale hicho, na karatasi uliisaini mwenyewe." Nikamweleza habari ya mtoto na maji. Akasema, "Mungu amewanusuru," akakata. Tangu hapo namba haipatikani. Ile karatasi ya kuuziana kama kilivyo haimpi mtu ruhusa ya kusema uongo kuhusu alichouza, ila kuthibitisha uongo wenyewe ni kazi, nami sikuwa nimehifadhi tangazo. Hifadhini matangazo, piga picha ya kioo cha simu siku ile ile. Mimi nimebaki na ujumbe wa sauti mmoja tu anaosema "haivuji hata tone," na huo ndio nitakaokwenda nao mahakama ya madai madogo.

Sikatazi mtu kununua boti kuukuu. Boti ya alumini iliyochakaa, yenye mikwaruzo na rangi iliyofifia, ambayo mwenyewe anakuambia "ribiti tatu zinavuja, tezi inataka ubao mpya," ni biashara nzuri kuliko hii yangu yenye zulia. Unaona unachonunua. Ubao wa tezi unaukata mwenyewe kwa plaiwudi isiyo na dawa, unaupaka epoksi tabaka mbili tatu pande zote na kwenye kila tundu la skrubu, na gharama yake haifiki theluthi ya nilichopoteza.

Ukienda kuiona, nenda mchana. Mwambie mwenyewe akunje kona ya zulia. Akikataa, rudi kwenye gari lako. Gonga ukuta wa tezi kwa mpini wa bisibisi kuanzia juu hadi chini: ubao mzima unajibu kwa sauti kavu, uliooza unajibu kama mto wa kulalia. Shika injini kwa chini, isukume na kuivuta, na jicho lako liwe kwenye tezi, si kwenye injini. Kisha omba mpira wa maji. Hili ndilo nililotakiwa kulifanya na sikulifanya, kwa sababu saa tatu usiku kwenye kituo cha mafuta hakuna mpira wa maji. Boti ikiwa juu ya treila, ziba kizibo, tia maji ndani yafike inchi tatu au nne, usizidishe maana kila lita ni kilo moja na treila haikuundwa kubeba bwawa. Lala chini na tochi, subiri robo saa. Panapodondoka weka alama ya chaki. Boti yangu ingekuwa imevaa chaki kama ubao wa mwalimu.

Namba ya tezi na namba ya kadi zilingane kabla hela haijatoka mfukoni, na chukua kipimo chako cha futi.

Jambo la mwisho kuhusu picha zake, ili mmtambue hata akibadili jina. Hupiga boti ikiwa imelowa, ametoka kuimwagia maji, kwa sababu bati lililolowa halionyeshi unga mweupe wala madoa. Ndani huonyesha zulia tu, na tezi huipiga kwa mbali.

Juzi usiku kwenye grupu moja imepanda nyingine. Ya kijani, futi 16, zulia la kijivu, namba mpya ya simu. Picha zote nne imelowa, na nyuma yake jua linawaka.