Shiraz ya Nederburg: bei nafuu, ila joto la Lubumbashi lina lake

Bia ya Simba ikiwa baridi siikatai, lakini kwa michopo ya mbuzi, nyama ya kuchoma yenye mafuta, nimehamia kwenye divai nyekundu. Kwa pesa ninayotoa, Shiraz ya Nederburg sijaijutia.

Nederburg ni shamba la Paarl, Afrika Kusini, lililoanza 1791. Zabibu yake ni ileile ambayo Wafaransa wa bonde la Rhône huiita Syrah, kwa hiyo ukiona jina hilo kwenye chupa usidhani ni kitu kingine. Ya Rhône huwa imekaza zaidi. Hii ya kusini imekula jua, matunda yanatangulia.

Imimine uitazame: rangi nzito, ukingoni inaelekea zambarau. Puani nakutana na plamu zilizoiva, kisha pilipili manga, na moshi kwa mbali. Mdomoni imejaa, na ukakasi wake unabaki kwenye ufizi kama wa chai ya rangi iliyokolea, bila kukaba. Mafuta ya nyama yanaulainisha ukakasi huo. Pilipili ya kuchoma, hapana: kileo cha Shiraz za huko mara nyingi hukaribia asilimia 14, na vikikutana ulimi unawaka. Samaki nao waachie bia.

Sasa joto. Watu husema divai nyekundu hainywewi baridi, lakini mwezi wa kumi sebule zetu zinafika nyuzi 30, na ikinywewa hivyo unasikia pombe tupu. Iweke kwenye frigo ishuke hadi nyuzi 16 au 18. Pilipili manga inarudi palepale.

Kuhifadhi ndiko kunakotushinda wengi. Shemeji yangu hupanga chupa zake juu ya frigo, wageni wazione. Pale kuna joto la mashine, mtikisiko na mwanga, vyote pamoja! Mimi naziacha kwenye katoni, chini kabisa ya kabati, sakafuni penye vigae, katika chumba kisichopigwa na jua la mchana. Zenye kizibo cha gome nazilaza ili kisikauke. Za kizibo cha kuzungusha hata zikisimama hakuna shida. Pango halisi la divai hukaa kwenye nyuzi 12 hadi 14 mwaka mzima. Hapa kwetu baridi ya Juni na Julai inasaidia, kisha Septemba inafuta kila kitu.

Na kumbuka chupa imesafiri. Imepanda kwa lori, imepita Zambia, imesubiri foleni ya mpakani Kasumbalesa juani. Kabla ya kulipa, pitisha kidole shingoni: pakinata, au kizibo kimeinuka, divai ilishapikwa njiani. Duka moja la mjini liliniuzia ya namna hiyo, ikanuka zabibu kavu zilizochemshwa, na muuzaji akasema ndiyo ladha yake. Tangu hapo nanunua katoni wakati wa baridi.

Ikitunzwa hivyo, miaka miwili au mitatu inabeba vizuri: ukakasi unalainika, plamu zinapungua, harufu ya ngozi inaanza kujitokeza. Zaidi ya hapo, kwa joto hili, mimi siingojei. Anayetaka ya kuweka hadi mtoto amalize chuo atafute Shiraz ya bei ya juu, na mahali pa baridi pa kuiweka.